Wanyama wasio na uti wa mgongo wapangwe kwa nasaba, si kwa kile wasichonacho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo kuhusu makala za elimu ya viumbe zinazoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikifungua mada ya uainishaji kwa kuwagawa wanyama mara mbili: wenye uti wa mgongo upande mmoja na wasio nao upande wa pili, kana kwamba hizo ni koo mbili zilizoachana tangu mwanzo. Mgawanyo huo ni rahisi kukumbuka, nao umekaa vitabuni muda mrefu kiasi kwamba hauulizwi. Hata hivyo, unampa msomaji kanuni isiyo sahihi, yaani kwamba wanyama wanaweza kuwekwa katika kundi moja kwa sababu ya kitu ambacho wote hawana. Uainishaji wa leo umesimama juu ya kanuni iliyo kinyume na hiyo: kundi huthibitishwa kwa sifa mpya iliyozuka kwa babu mmoja na kurithiwa na kizazi chake, na kundi kamili ni babu huyo pamoja na wote waliotoka kwake, bila kumwacha hata mmoja.

Idadi peke yake inatosha kutia shaka. Zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama zilizokwisha kuelezwa na wataalamu hazina uti wa mgongo. Wadudu wanakaribia spishi milioni moja, moluska (konokono, chaza, pweza na jamaa zao) ni makumi ya maelfu, na wanyama hawa wote wametawanyika katika faila, yaani makundi makuu ya wanyama, zaidi ya 30, ilhali samaki, vyura, nyoka, ndege na mamalia kwa pamoja hawatoshi hata kuwa faila moja, kwa kuwa wao ni sehemu tu ya faila ya Kodata. Ni sawa na mtu aandikaye nasaba ya binadamu wote kwa kuwaweka ndugu zake wa tumbo moja upande mmoja, kisha akawakusanya watu waliobaki wa dunia nzima na kuwaita ukoo wa pili.

Ukoo huo wa pili haupo. Mwaka 1866 mwanabiolojia Mrusi Alexander Kowalevsky alionyesha kwamba tunikata, wanyama wa baharini ambao wengi wao wakikomaa huonekana kama vifuko laini vilivyoganda kwenye miamba, huanza maisha wakiwa lava, yaani watoto wasiofanana na wazazi wao, wenye mkia mfano wa viluwiluwi. Ndani ya mkia huo mna notokodi, yaani ufito imara unaotangulia uti wa mgongo katika kiinitete cha kila mnyama mwenye uti wa mgongo, na juu yake hupita neva kuu ya mgongoni; hizo ndizo sifa za Kodata. Lava akishajibandika mwambani, mkia na notokodi hutoweka, na asiyemjua utotoni hawezi kumtambua. Ulinganisho mpana wa jeni uliochapishwa mwaka 2006 uliwaweka tunikata mahali pa karibu zaidi na wanyama wenye uti wa mgongo kuliko mnyama mwingine yeyote aliye hai. Kwa maana hiyo tunikata, asiye na mfupa hata mmoja, ana undugu wa karibu zaidi na binadamu kuliko alio nao na kaa, pweza au nyungunyungu. Kiti cha pweza na jongoo bahari nao wako upande wetu wa mti wa nasaba, ingawa mbali kidogo: umbo lao la matawi matano ni la utu uzima tu, maana lava wao wana upande wa kulia na wa kushoto kama sisi, na hatua za mwanzo za kiinitete chao hufuata njia inayofanana na ya Kodata. Mtu anayewakusanya wanyama hawa wote katika kundi la wasio na uti wa mgongo anakuwa amechukua mti mzima wa wanyama, akakata tawi moja dogo, kisha akayaita mabaki kundi.

Kanuni ninayoitetea iliwekwa wazi na Willi Hennig, mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1950. Charles Darwin alikuwa amekwisha kusema mwaka 1859 kwamba uainishaji wa kweli hauna budi kuwa wa nasaba, lakini hapakuwa na utaratibu uliokubalika wa kuamua ni mfanano upi unaoshuhudia undugu na ni upi usioushuhudia. Hennig alitenganisha sifa ya kale na sifa mpya. Sifa ya kale haiwezi kuthibitisha tawi lolote, hata ikionekana kwa spishi milioni moja, kwa sababu wote waliirithi kabla matawi hayajaachana. Sifa mpya, iliyozuka baada ya hapo na kubaki kwa kizazi kimoja tu, ndiyo shahidi. Kukosa uti wa mgongo ni hali ya kale ya wanyama wote, na kwa hiyo hakutuambii lolote kuhusu nani ni ndugu wa nani. Joho la moluska, ile ngozi inayofunika viungo vya ndani na kutengeneza ganda, ni sifa mpya. Ndilo linalowaunganisha konokono, chaza, ngisi na pweza katika faila moja, ijapokuwa ngisi amebaki na kipande chembamba tu cha ganda ndani ya mwili, na pweza amelipoteza karibu lote.

Mfano wa pweza unaonyesha pia kwa nini kazi hii haitaki haraka. Sifa iliyozuka inaweza kupotea: kiroboto na chawa hawana mabawa, lakini wote wawili wametokana na wadudu waliokuwa nayo, na tegu hana mdomo wala utumbo ingawa wahenga wake, minyoo bapa, walikuwa navyo. Vilevile sifa mbili zinazofanana zinaweza kuzuka kila moja kwa njia yake. Jicho la pweza lina mboni, lenzi na retina kama jicho la binadamu, na mtu angedhani ni urithi mmoja. Lakini nyuzi za neva za pweza hutokea nyuma ya retina, kwa hiyo jicho lake halina doa pofu, ilhali zetu hupita mbele ya retina na kulazimika kuitoboa ili zitoke. Umbo la kaa, yaani mwili mpana uliobapa na mkia uliokunjwa chini ya tumbo, limezuka mara kadhaa katika koo tofauti za gegereka, yaani kaa, kamba na jamaa zao. Mfanano wa nje ni mwanzo wa uchunguzi, na anayeishia hapo hukosea mara kwa mara.

Sioni mfano unaofundisha jambo hili vizuri kuliko ule wa siripedia, wale wanyama wadogo wenye vibamba vigumu vya chokaa wanaoganda kwa maelfu kwenye miamba ya pwani na kwenye matumbo ya meli. Georges Cuvier, mwanazuoni mashuhuri wa Ufaransa aliyewagawa wanyama wote katika matawi makuu manne mwanzoni mwa karne ya 19, aliwaweka pamoja na moluska, na kwa jinsi walivyo hakuna wa kumlaumu: wana ganda, wana mwili laini ndani yake, na hawahami walipoganda. Mwaka 1830 daktari wa jeshi aitwaye John Vaughan Thompson, aliyekuwa akichunguza viumbe wadogo wa baharini kwa hadubini, alichapisha habari kwamba lava wao si wa moluska hata kidogo. Siripedia wengi hutoka yaini wakiwa nauplio, lava mwenye jicho moja la katikati na jozi tatu za viungo vya kuogelea, ambaye ndiye lava wa gegereka wengi. Baada ya kujivua ngozi mara kadhaa lava huyo hujibandika mahali kwa kichwa, hujijengea vibamba vya chokaa, na tangu hapo huishi kichwa chini, akikamata chakula kwa miguu. Ni ndugu wa kaa na kamba. Darwin mwenyewe aliwachunguza kwa miaka minane, kuanzia 1846 hadi 1854, na naamini hakuna kazi nyingine iliyomwonyesha kwa ukaribu zaidi jinsi kiungo kimoja kinavyoweza kugeuzwa matumizi bila kupoteza alama ya asili yake.

Katika jamii hiyo hiyo yumo Sakulina, ambaye ni kimelea wa kaa. Jike lake aliyekomaa ni mfuko tu unaoning'inia chini ya tumbo la kaa, usio na miguu, macho, utumbo wala pingili, na kutoka kwake nyuzi kama mizizi husambaa ndani ya mwili wa kaa zikifyonza chakula. Kwa kumtazama hivyo hakuna faila ambayo mtu angemweka kwa ujasiri. Mayai yake yakianguliwa, anayetoka ni nauplio yule yule. Mwanafunzi aliyefundishwa kuorodhesha sifa za mnyama mzima tu hana pa kumweka Sakulina, lakini aliyefundishwa kutafuta sifa iliyorithiwa, popote ilipo katika maisha ya mnyama, anapata jibu kwa kumtazama lava huyo.

Kundi jingine lililotuchanganya kwa muda mrefu ni minyoo. Linnaeus, mwanazuoni wa Uswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya viumbe, katika toleo la mwaka 1758 la kazi yake kuu, aliwagawa wanyama wote wasio na uti wa mgongo katika ngeli mbili tu, Wadudu na Minyoo, na katika ngeli ya Minyoo aliwatia konokono, yavuyavu, kiti cha pweza na hata pweza. Lamarck, mwanazuoni wa Ufaransa aliyekabidhiwa kufundisha habari za wanyama hawa mjini Paris mwaka 1793, ndiye aliyeanza kuwachambua kwa bidii, akawatenga gegereka, akawatenga buibui na nge, akawatenga minyoo wenye pingili. Cuvier naye aliwaunganisha minyoo wenye pingili na wanyama wenye miguu ya viungo, yaani arithropoda, kwa hoja iliyoonekana haina mpinzani: mwili wa nyungunyungu umegawanyika pingili kwa pingili, na wa tandu vilevile. Hoja hiyo ilidumu zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1997 watafiti walilinganisha jeni moja ya RNA ya ribosomu kutoka kwa wanyama wengi, wakakuta kwamba arithropoda hawaendi na nyungunyungu. Wanakwenda na minyoo duara, wale wa jamii ya minyoo ya tumboni ambao hawana pingili wala miguu. Matokeo hayo yalipokewa kwa mashaka mengi, na ilikuwa haki yapokewe hivyo, lakini ushahidi wa jeni nyingine nyingi umeendelea kuyaunga mkono. Sifa inayowaunganisha ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu muda wote huo: hawa wote wamefunikwa na ngozi ngumu isiyokua pamoja na mwili, nao hulazimika kuiambua na kuivua ili wakue. Panzi hujivua, kaa hujivua, buibui hujivua, na mnyoo duara hujivua mara nne kabla ya kukomaa. Kundi hilo likapewa jina la Ekidisozoa, yaani wanyama wanaojivua. Nyungunyungu na ruba wakaenda upande wa moluska, katika kundi la Lofotrokozoa lililotajwa miaka miwili kabla, na huko nako palikuwa na shahidi wa zamani: lava aitwaye trokofora, mwenye mkanda wa vinyweleo kiunoni, hupatikana kwa minyoo wengi wa pingili wa baharini na pia kwa moluska wengi. Konokono na nyungunyungu ni jamaa wa karibu kuliko nyungunyungu na jongoo. Nimeona walimu wenzangu wakishtushwa na sentensi hiyo, nami naona mshtuko huo ni wa manufaa, kwa sababu unamlazimisha mtu kuuliza ushahidi.

Arithropoda wenyewe wamepangwa upya kwa njia hiyo hiyo. Wadudu hawasimami tena kando ya gegereka kama ndugu wawili walio sawa. Wamechipuka kutoka ndani ya ukoo wa gegereka, kwa hiyo inzi yuko karibu na kamba kuliko alivyo karibu na tandu, na karibu na tandu kuliko alivyo karibu na buibui. Mchwa, ambao kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa oda (kundi kubwa ndani ya wadudu) yao peke yao, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 uliwaweka ndani ya ukoo wa mende, karibu na mende fulani wanaoishi katika magogo na kula mti kwa msaada wa vijidudu vya tumboni vinavyofanana na vya mchwa. Wengi huwadhania mchwa kuwa ndugu wa siafu na sisimizi kwa sababu wote huishi kwa jamii yenye malkia na wafanyakazi. Siafu, hata hivyo, ni jamaa wa nyuki na nyigu, nao hupitia hatua ya buu na ya bundo (hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu mzima), ilhali mtoto wa mchwa hutoka yaini akiwa tayari na umbo la mchwa. Maisha ya kijamii yalizuka kwao mbali mbali.

Sitaki msomaji afikiri kwamba haya ni mashindano ya wataalamu juu ya majina. Dawa ya ivermektini, inayotolewa kwa ugonjwa wa usubi unaosababishwa na minyoo duara na kuweza kumpofusha mtu, hutumika pia dhidi ya utitiri wa upele na dhidi ya chawa. Minyoo duara, utitiri na chawa hawafanani kwa sura, lakini wote ni Ekidisozoa. Dawa hiyo haitibu kichocho wala tegu, ambao ni minyoo bapa walio katika tawi jingine. Hao hutibiwa kwa prazikwanteli, ambayo nayo haiwaui minyoo duara. Anayewaona wote kuwa minyoo tu hana njia ya kuelewa kwa nini dawa moja huvuka kutoka kwa mnyoo hadi kwa chawa na kushindwa kuvuka kutoka kwa mnyoo hadi kwa mnyoo. Mtu mwenye mzio wa kamba anaweza pia kudhurika na utitiri wa vumbi la nyumbani au mende, kwa sababu protini ya misuli iitwayo tropomiosini inakaribiana sana miongoni mwa arithropoda. Undugu wa kale umo ndani ya miili yao, na daktari hukutana nao akiwa kazini.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mazito mno kwa mwanafunzi wa sekondari, na kwamba mti unaobadilika kila baada ya miaka michache hauwezi kufundishwa. Hoja ya kwanza siikubali. Mtoto anayeweza kueleza nani ni binamu yake na kwa kupitia babu yupi anaweza kuelewa kwa nini tunikata na samaki hukutana mapema kuliko tunikata na kaa. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake, kwa maana wataalamu bado wanabishana juu ya shina lenyewe la mti: baadhi yao huwaweka sifongo kuwa tawi la kwanza kuachana na wanyama wengine wote, na baadhi huwaweka tenofora, wanyama laini wa baharini wanaoogelea kwa safu za vinyweleo, wakipata nguvu kutokana na ushahidi wa mpangilio wa jeni katika kromosomu uliochapishwa mwaka 2023. Lakini ubishi huo unaendeshwa kwa kanuni ile ile ya sifa mpya zilizorithiwa, na pande zote mbili zinaikubali. Kinachobadilika ni ushahidi kuhusu tawi moja au jingine, na mwanafunzi anayeijua kanuni ataweza kufuata mabadiliko hayo hata baada ya kumaliza shule.

Sipendekezi kwamba maneno wasio na uti wa mgongo yafutwe. Yanafaa kwa mazungumzo, kama tunavyosema wanyama wa majini au wanyama wa usiku bila kudai kwamba pomboo na papa ni ndugu. Ninachoomba ni kwamba yasichapishwe tena kama jina la ngazi ya uainishaji. Naomba pia ukurasa wa elimu uache kuwaita wanyama hao wa chini au duni. Yavuyavu wa leo si kituo ambacho wahenga wetu walikipita na kukiacha. Nasaba yake ina urefu ule ule wa nasaba yetu, na muda wote huo imekuwa ikibadilika kwa njia yake.

Kwa upande wa mazoezi yanayochapishwa mwishoni mwa makala, swali la kutaja sifa tano za wanyama wasio na uti wa mgongo liondolewe, kwa kuwa hakuna hata sifa moja mpya iliyo yao peke yao. Badala yake mwanafunzi apewe orodha fupi, tuseme konokono, ruba, kaa, mende, buibui, mnyoo duara na kiti cha pweza, aambiwe achore mti wa nasaba yao, na kwenye kila kifundo cha mti aandike sifa iliyozuka hapo: trokofora mahali pake, kujivua ngozi mahali pake, miguu ya viungo mahali pake. Niko tayari kuandaa mazoezi ya namna hiyo na kuyaleta kwa mhariri wa ukurasa huo ili yachunguzwe kabla ya kuchapishwa.

Wako,
Mwalimu wa biolojia